Baiskeli uliyounganisha kwa spea za mtumba inakusumbua? Pima kabla hujalaumu kifaa

Baiskeli ninayopanda kila siku kutoka Kigamboni hapa Dar es Salaam, navuka nayo pantoni alafu nakanyaga mpaka Kariakoo, imetoka kwenye baiskeli nne. Fremu ya chuma niliipata kwa muuza vyuma chakavu, magurudumu kwa jamaa mwingine kabisa, krenki (ile mikono inayobeba pedeli) na pedeli zilitoka kwenye baiskeli ya mtoto wa jirani aliyekuwa mkubwa kwa baiskeli yake, na breki nilizikusanya mtaa wa Gerezani kidogo kidogo kila mshahara ukitoka. Ilinichukua miezi kama mitatu, na kati ya hiyo miwili yote ilikuwa ni kuhangaika na matatizo ambayo nilidhani ni ubovu wa spea kumbe spea zilikuwa nzima, ila hazikuoana. Hicho ndo kitu nataka ukishike kabla hujafungua nati hata moja. Kwenye baiskeli ya mtumba uliyoiunga mwenyewe, kifaa kizima kilichowekwa pasipo pake kinasumbua kama kibovu, na hela nyingi tunazipoteza kwa kununua tena kitu ambacho hakikuwa na shida.

Kwa hiyo tembea na rula au vernia kalipa, hata ile ya plastiki inatosha, na sumaku ndogo. Sumaku ikinasa ni chuma, isiponasa mara nyingi ni alumini, na utaona huko chini kwa nini nakwambia hivi.

Tairi inagoma kuingia, au imeingia kirahisi alafu ukijaza upepo inachomoka

Hili ndo la kwanza kwa sababu karibu kila mtu linamkuta. Umeambiwa rimu ni 26, umenunua tairi 26, unavuta na bisibisi mpaka vidole vinauma na haiingii. Au kinyume chake, imeingia yenyewe kama kofia, ukapiga pampu mara ishirini ikaruka nje na tyubu ikapasuka masikioni mwako.

Sababu ni kwamba inchi 26 ziko za aina zaidi ya moja. Zile baiskeli za mjini za Kijapani zenye kikapu mbele, ambazo zimejaa kwenye mitumba, nyingi zina tairi ya 26 x 1 3/8. Mauntenibaiki ya kawaida ya zamani ina 26 x 1.75, 1.95, 2.1 na kuendelea. Zote zinaitwa 26 lakini haziingiliani hata kwa dawa. Angalia ubavuni mwa tairi kuna namba nyingine ndogo zimeandikwa kwa mtindo huu: 37-590, au 47-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi inapokalia kwenye rimu, na hiyo ya pili ndo mwamuzi. Mauntenibaiki ya 26 ni 559. Ya Kijapani ni 590. Tofauti ya milimita 31, huwezi kuivuta kwa nguvu za mikono. Kanuni ya haraka sokoni: ukiona sehemu, yaani ile 1 3/8, usichanganye na ya nukta. Zile baiskeli kubwa za kubebea mkaa na maziwa, inchi 28 x 1 1/2, ni 635. Za 27.5 ni 584. Za 29 na zile za 700C zote ni 622, hapo angalau kuna unafuu maana ukipata rimu ya moja inakubali tairi ya nyingine kama upana unaendana.

Kama rimu haina maandishi beba tairi unayoijua namba yake uijaribishe papo hapo dukani. Muuzaji mzuri hatakasirika.

Upepo unaisha usiku kucha bila pancha

Zamisha tyubu kwenye beseni la maji uangalie valvu kwanza. Tyubu nyingi za Kijapani zina ile valvu yenye kijipira chembamba ndani kama mrija, na hicho kijipira kinaoza kwa joto letu hili. Kibadilishe tu, ni kitu cha bei ndogo sana na mafundi wa barabarani wengi wanacho. Watu wanatupa tyubu nzima kwa ajili ya kijipira.

Kama ni pancha kweli zinazojirudia, usizibe kiraka ukaendelea na maisha. Kila unapofunga tairi weka maandishi ya tairi yaelekeane na valvu, ili ukipata tundu kwenye tyubu ujue moja kwa moja ni sehemu gani ya tairi uikague. Tundu la nje, kuna mwiba au kiwaya bado kimejificha humo ndani ya raba, pitisha kidole taratibu utakikuta. Tundu la upande wa ndani unaoelekea rimu, kichwa cha spoki kinachoma, utepe wa rimu umekatika au haupo kabisa, kata mpira wa tyubu ya zamani uzungushie. Matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka, ulipiga shimo na upepo mdogo. Kwa tairi ya 1.95 mimi naweka 45 hivi psi kwa lami, nikijua siku hiyo ntapita kwenye mchanga nashusha mpaka 30 na gurudumu linaelea badala ya kuzama.

Kitu kingine, tundu la valvu kwenye rimu. Valvu nene kama ya gari inataka tundu la milimita 8.5, ile nyembamba inataka 6.5. Ukiweka nyembamba kwenye tundu kubwa inacheza cheza mpaka inakatika shinani, na hapo hakuna kiraka kinachoshika.

Cheni inaruka

Hapa tukae kidogo maana hapa ndo hela zinaliwa. Rafiki yangu mmoja anakaa Goba, unajua milima ya Goba, cheni yake ilikuwa inaruka akikanyaga kwa nguvu kupanda. Akaenda kwa fundi akaambiwa cheni imekwisha nunua mpya, akanunua, ikaanza kuruka zaidi kuliko mwanzo. Akanunua nyingine. Ikaruka vilevile. Akaniletea nikaikuta cheni haina kosa lolote.

Iko hivi. Cheni inapozeeka inarefuka, siyo chuma kuvutika, ni pini na matundu yake vinalika, na meno ya nyuma yanalika taratibu kuifuata. Vinazeeka pamoja kama mke na mume. Ukitoa cheni kuukuu ukaweka mpya juu ya meno yaliyolika, haikai. Sasa pima: weka sifuri ya rula katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele, inatakiwa iwe inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi badilisha cheni peke yake na meno utakuwa umeyaokoa. Ikizidi kwa 1/8 basi na meno ya nyuma yamekwenda, badilisha vyote au usibadilishe chochote uendelee nayo mpaka ife, hiyo pia ni njia halali kwa baiskeli ya bei rahisi. Na ukinunua friwili au kaseti, yaani lile fungu la meno ya nyuma, ya mtumba ukaona meno yamechongoka yameinama upande mmoja kama pezi la papa, rudisha.

Lakini siyo kila kuruka ni kulika, sikiliza inavyoruka:

Inaruka kwenye gia moja au mbili tu, zile unazopenda kutumia, hizo ndo zimelika.

Inaruka kwa mpangilio, kila baada ya mizunguko kadhaa, gia yoyote, hiyo ni pingili moja imekaza. Zungusha pedeli kinyumenyume taratibu uangalie cheni inapopita kwenye vile vigurudumu viwili vidogo vya chini, utaona pingili moja inanyanyuka haijikunji. Ishike kwa mikono miwili uipinde kushoto kulia kidogo, tia oili. Mara nyingi inatokea pale ulipoungia cheni.

Inaruka kila gia, unakanyaga na mguu unaenda bure kabisa kisha inashika ghafla, hapo hata usiguse cheni. Ni friwili, yale makucha ya ndani yamegandamana na grisi ya zamani au kutu. Laza gurudumu, mimina mafuta ya taa kwenye mwanya huku unazungusha, yatoke machafu, rudia mpaka yatoke masafi, acha yakauke alafu tia oili nyepesi. Usirudishe grisi nzito humo, ndo iliyoyagandisha. Ukishasafisha na bado inateleza itupe, maana siku itakapokuachia ukiwa umesimama juu ya pedeli mbele ya daladala hutapata muda wa kujuta.

Ya yule wa Goba ilikuwa ni upana. Cheni za gia 6, 7 na 8 ni moja, unaweza kubadilishana. Ya 9 ni nyembamba zaidi. Yeye ana kaseti ya 9 kauziwa cheni ya 8 mara mbili, inasugua meno ya pembeni na kupanda yenyewe. Na cheni ya baiskeli kubwa isiyo na gia ni nene zaidi ya zote hizo, usiiweke kabisa kwenye gia.

Gia hazikai, unabonyeza moja zinakwenda mbili

Kabla ya kugusa waya simama nyuma ya baiskeli, inama, angalia diraila, kile kidude kinachoning'inia nyuma kinachohamisha cheni. Vile vigurudumu vyake viwili vinatakiwa vikae wima mstari mmoja na meno. Kama vimeinamia ndani kuelekea spoki, kile kisikio cha fremu kinachobeba diraila kimepinda, na baiskeli za mtumba zimesafiri kwenye kontena zimelaliana, nyingi kimepinda. Hapo utakaza na kulegeza waya mwezi mzima, gia za juu zikikubali za chini zinakataa. Kwenye fremu ya chuma fungia spana kubwa uvute taratibu kwa awamu. Kwenye alumini kisikio mara nyingi kinafunguka, tafuta kingine, ukikipinda sana kinakatika.

Kikiwa kimenyooka na bado, hesabu. Shifta, kile cha kubadilishia gia mkononi, ina kliki ngapi na nyuma kuna maduara mangapi ya meno? Shifta ya 8 kwenye maduara 7 haiendi sawa. Alafu angalia majina, shifta ya SRAM nyingi zinavuta waya kiasi tofauti na za Shimano kwa kila kliki, ukichanganya na diraila ya mwenzake hutapata amani. Jozi moja itoke familia moja. Na kama umeweka kaseti ya gia 7 kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya 8 au 9 kaseti itacheza, inahitaji washa pana ya milimita 4.5 nyuma yake.

Skurubu mbili za H na L kwenye diraila usizisahau. L ndo inayozuia cheni isidondokee kwenye spoki. Irekebishe ukiwa umesimama, baiskeli imeinuliwa, siyo barabarani.

Ushauri wangu kama unaanza: mbele weka duara moja tu, la meno 32 au 34, nyuma maduara 7. Unaondoa shifta moja, waya mmoja, diraila moja na nusu ya matatizo yote ya gia. Mimi mji wote huu natosheka.

Breki unabana mpaka mkono unagusa hendeli na bado inatembea

Hii isubiri mengine yote, usipande kabla haijakaa sawa. Kama ni breki za V, zile zenye mikono miwili mirefu, zinataka mkono wa hendeli unaovuta waya mwingi. Ukifunga mkono wa baiskeli ya zamani waya hauvutwi wa kutosha, ndo hiyo hali ya kubana hadi mwisho. Kinyume chake, mkono wa V kwenye breki za zamani zenye waya unaovuka juu kama daraja, utasikia ngumu kama jiwe lakini haishiki. Nilidhani raba zimekufa, nikanunua jozi mbili, tatizo lilikuwa mkononi.

Ganda la waya nalo siyo moja. La breki ndani lina waya uliojisokota kama springi, la gia lina nyaya zilizonyooka kwa urefu. Ukitumia la gia kwenye breki linaweza kupasuka siku utakayobana kwa nguvu zote, yaani siku unayoihitaji kuliko zote. Kata ncha uangalie kabla hujafunga.

Sasa ile sumaku. Rimu ya chuma inayong'aa inapendeza, ila ikilowa breki za raba karibu hazishiki kabisa. Jua likiwaka hutajua, masika ikianza Machi utajua. Chukua alumini. Lakini alumini nayo pitisha kucha pale raba zinaposugua, kama pamebonyea kama kijiko ukuta umelika na unaweza kupasuka kwa presha ya tairi.

Inapiga kelele ya kuchana masikio? Futa rimu kwa kitambaa na spiriti, paka msasa raba, kisha zikaze zikiwa zimeinama kidogo ncha ya mbele iguse kwanza, nyuma ubaki mwanya wa milimita moja hivi.

Tik, tik, kila mzunguko wa pedeli

Acha kukanyaga, iache itembee yenyewe. Kelele ikikoma iko kwenye pedeli, krenki au ekseli ya katikati. Simama juu ya pedeli, ikikoma basi ni siti na nguzo yake. Watu wanafungua nusu ya baiskeli kabla ya kufanya jaribio hili la dakika moja.

Krenki ya kushoto ndo mshukiwa wa kwanza siku zote. Kama ni ile ya tundu la mraba na umeshaipanda ikiwa imelegea, hata kilomita chache, tundu limeshatanuka na hata ukaze na bomba la mita moja itarudi kulegea. Badilisha krenki, ekseli mara nyingi inapona. Na kumbuka pedeli ya kushoto inafungwa kinyume, unakaza kwa kuzungusha kinyume na saa. Vilevile kikombe cha ekseli ya katikati upande wa cheni, kwenye fremu nyingi za aina hii nacho ni kinyume. Nimeona fremu nzuri imekufa hesi (zile nyuzi za kufungia) kwa sababu jamaa alikuwa anakaza akijua anafungua.

Inayumba, au inavuta upande mmoja

Shika tairi juu uitikise. Ikicheza ni koni, zile zinazobana gololi kwenye ekseli, na kwenye habu ya mtumba fungua tu uhesabu gololi maana mara nyingi zimepungua. Za kawaida ni 10 kila upande mbele na 9 kila upande nyuma, za nyuma ni kubwa zaidi, robo inchi. Koni yenye vishimo usiirudishe, itazila gololi mpya. Shingo nayo bana breki ya mbele usukume mbele nyuma, ikigonga kaza vikombe.

Kama habu ni nzima na bado inavuta, chukua uzi. Funga kwenye mguu wa nyuma wa fremu pale ekseli inapokaa, uzungushe mbele ya shingo, urudi mguu wa pili, uvutike. Pima kutoka uzi hadi bomba la siti, kushoto na kulia. Ikitofautiana milimita 1 au 2 panda tu. Ikiwa 5 au zaidi fremu imepinda, ya chuma fundi mzuri anaivuta, ya alumini iache. Pima na mwanya wa ekseli kabisa ukiwa hapo, mauntenibaiki nyingi za mfumo huu ni milimita 135 nyuma na 100 mbele, ukilazimisha habu isiyolingana ndo unapata gurudumu linalokaa upande.

Foki ya shokapu iliyoganda au inayocheza, toa, weka foki ngumu ya chuma. Zile za bei rahisi zikishaota kutu ndani hazirudi, ni uzito tu unaubeba.

Siti inashuka taratibu, jioni magoti yako kifuani

Usikaze zaidi, utavunja kifungio. Nguzo ni ndogo kuliko bomba. Kuna za milimita 25.4, 26.8, 27.2 na nyingine nyingi katikati, tofauti ya 0.2 tu inatosha kuteleza. Ukikosa saizi kata kopo la soda, zungushia mara moja, linaongeza kama 0.2. Zaidi ya mizunguko miwili tafuta nguzo nyingine. Na ule mstari wa mwisho ulioandikwa kwenye nguzo usionekane nje.

Nyufa na chumvi

Kabla ya yote haya, na tena kila mwezi, futa fremu kwa kitambaa uangalie chini ya bomba kubwa karibu na shingo na pale kwenye ekseli ya krenki. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba wenye kutu, kwangua uone. Chuma kinachomelewa kikarudi kazini. Alumini iliyopata ufa usikubali mtu akuchomelee kijiweni, pale penye joto panabaki laini na patakatika tena, safari hii bila kukuonya.

Sisi tunaovuka maji chumvi haitusamehi. Nikifika nyumbani nafuta kwa kitambaa chenye maji ya bomba, cheni naitia oili ya cherehani tone moja kila pingili kisha naikausha, siyo oili chafu ya injini maana ina unga wa chuma ndani yake, na mafuta ya kupikia yanageuka gundi. Nguzo ya siti naichomoa mara moja kila miezi michache naipaka grisi nairudisha, vinginevyo ya alumini ndani ya fremu ya chuma inagandamana humo na hutaitoa tena. Na ukipita wanapoosha magari usiwape wakupigie maji ya presha kwenye habu, yanaingia kwenye gololi na hayatoki.